Uganda: Machela ya Kigezi na safari ndefu ya kupona baada ya ajali

Katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ziko nyumba nyingi zisizofikiwa na gari la wagonjwa. Barabara huishia bondeni, na kutoka hapo ni njia ya miguu. Kwa mtu aliyevunjika mfupa wa paja katika ajali ya gari, mwendo huo mfupi ni mtihani mkubwa, awe anapelekwa hospitalini au anarejeshwa nyumbani.

Wakazi wa huko wana jibu la tangu enzi za mababu: engozi. Hiyo ni machela iliyosukwa na kufungwa kwenye miti mirefu, inayobebwa mabegani na watu wanaopokezana njiani. Wasikilizaji wa Rwanda na Burundi wanaifahamu kwa jina la ingobyi. Katika lugha hizo zote, neno hilohilo hutaja pia mbeleko ya mtoto mchanga.

Engozi ni jina la machela, na pia ni jina la chama cha wanakijiji wanaoimiliki. Kila kaya hutoa mchango na watu wa kubeba. Anayekosa kufika bila sababu hutozwa faini. Vyama hivyo husaidia pia katika mazishi na hukopeshana fedha.

Umuhimu wa mpango kama huo hauko Kigezi pekee. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaojeruhiwa na kubaki hai ni kati ya milioni 20 na milioni 50, na wengi wao huishi na ulemavu.

Msaada wa jamii huanzia mahali pa ajali. Majeruhi akiinuliwa kwa mikono na miguu, uti wa mgongo ulioumia unaweza kudhurika zaidi, naye akapooza. Machela humweka amelala, na kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Mguu uliovunjika huweza kufungwa pamoja na ule mzima ili usicheze njiani.

Hospitalini, hatua ya pili huwa ni gharama. Familia isiyo na akiba huuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba. Mwaka 1996, Hospitali ya Kisizi, wilayani Rukungiri, ilianzisha bima ya afya iliyojengwa juu ya vyama hivyo vya engozi. Familia zilijiunga kupitia chama chao, si mojamoja. Sababu yake ni rahisi: bima inayoingiwa na wagonjwa peke yao hufilisika, lakini kijiji kizima kikichangia, wazima humbeba mgonjwa wa leo, wakijua kwamba kesho zamu inaweza kuwa yao.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mfupa wa paja huchukua takriban miezi mitatu hadi sita kuunga, na nguvu za mguu huchelewa zaidi kurudi. Katika siku za kwanza wageni hujaa, kila mmoja na kapu lake la viazi. Baada ya wiki chache hupungua, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

Na ni katika miezi hiyo ya ukimya ndipo hatari nyingine hutokea. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya kulala. Kwa kawaida hushauriwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kazi hiyo haiwezekani kwa mke au mama peke yake. Viungo visivyonyooshwa hukakamaa. Siku za kliniki hupita kwa kukosa nauli au mtu wa kumsindikiza. Msimu wa mvua ukipita shamba halijalimwa, njaa huingia katika nyumba ambayo tayari ina deni.

Kwa hiyo, chama kinachotaka kumsaidia majeruhi hadi mwisho hufaa kugawa zamu tangu mwanzo: nani atamgeuza usiku, nani atamsindikiza kliniki, nani atamsaidia mazoezi ya magongo, na siku gani watu watakwenda kumlimia. Mila ya kulimiana ipo hata nje ya Uganda. Warundi huiita ikibiri, na kwa Wanyarwanda ubudehe wa asili ulikuwa huo huo.

Hayo yote hayachukui nafasi ya daktari wa mifupa, wala ya mtaalamu wa tiba ya viungo, wala ya serikali kutengeneza barabara. Lakini daktari huunganisha mfupa kwa saa chache tu. Miezi inayofuata mgonjwa huipitisha kijijini, na kama mwaka ujao atasimama tena shambani kwake, au shamba hilo litakuwa limekwisha uzwa, hutegemea sana ni majirani wangapi waliokumbuka zamu zao.