Mtoto akikohoa usiku, angalia na ukuta

Leo safu yetu ya afya haitazungumzia kisukari wala shinikizo la damu. Leo tunazungumzia ukuta. Ndiyo, ukuta wa chumba unacholala. Kisa chenyewe ni changu mwenyewe, na nakileta hapa kwa sababu kila nikikisimulia kwenye shughuli zetu, iwe harusi au msiba, hakosi mtu wa kusema, "Mbona na kwangu ndivyo kulivyo?"

Sisi tunaishi Leicester, Uingereza, katika moja ya zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mtaa mzima, za enzi za Malkia Victoria. Tumepanga kwa mtu binafsi kupitia wakala. Tulihamia mwezi wa saba, jua linawaka, nyumba inapendeza. Ilipofika mwezi wa kumi, nyuma ya kabati la chumba cha binti yetu wa miaka sita kukatokea doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Mke wangu akalifuta kwa kitambaa. Baada ya wiki mbili likarudi, na safari hii lilikuja na ndugu zake.

Nikajifanya fundi. Jumamosi moja nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua rangi nyeupe, rola, msasa na kisu cha kukwangulia. Nikakwangua, nikapaka mara mbili, ukuta ukang'aa. Nikapiga picha nikaituma nyumbani Tanga wauone. Kabla ya Krismasi doa lilikwishatokeza tena juu ya rangi yangu, na karatasi ya ukutani imeanza kubanduka pembeni. Jumamosi nyingine ikaenda, na pauni nyingine zikaenda. Wikiendi zangu zote zikawa zinaishia juu ya ngazi.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na baridi ya hapa ilimtesa sana. Akaviona vitundu vya hewa vilivyo juu ya madirisha, na lile tofali lenye matundu ukutani, akaniambia, "Baba, baridi yote inaingilia hapa, na nyinyi mnaiangalia tu?"

"Kweli mama, nitaziba leo leo," nikamjibu. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba kila tundu kwa magazeti na selotepu. Nyumba ikapata joto kweli, mama akafurahi. Wiki haikupita, binti yetu akaanza kukohoa.

Kikohozi cha saa nane usiku

Kilikuwa kikohozi kikavu. Mchana anacheza vizuri, lakini ikifika saa nane usiku anaamka, anakohoa mpaka anatapika, na kifua kinapiga mluzi kama birika. Tukasema ni baridi, ni mafua ya shule, ni hali ya hewa ya Wazungu. Tukampa tangawizi, limau na asali, tukanunua dawa ya kikohozi dukani. Haikusaidia. Mke wangu alikuwa analala sakafuni chumbani kwa mtoto, na mimi naamkia kazini macho mekundu.

Mwezi wa pili shule zilipofungwa kwa wiki moja, tukaamua kwenda London Ijumaa mpaka Jumapili, kwa dada wa mke wangu anayeishi ghorofa ya tano upande wa mashariki. Kutoka Leicester mpaka stesheni ya St Pancras ni saa moja na dakika chache kwa treni. Jumamosi tukaenda Natural History Museum kule South Kensington, ambako kiingilio ni bure, na kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka 11 hupanda bure treni za chini ya ardhi akiwa na mtu mzima aliyelipa nauli, safari haikutuumiza mfuko. Binti yetu akasimama chini ya mifupa ya nyangumi mwenye urefu wa mita 25, halafu akapanda ngazi mbio. Hakukohoa hata mara moja. Jumapili asubuhi tukapanda kilima cha Greenwich, na upepo wa siku ile ulikuwa unakata masikio. Bado hakukohoa.

Kabla hatujaondoka, shemeji yangu akatenga chai akauliza, "Shemeji, mlisema mtoto anakohoa usiku kucha. Mbona mimi sijamsikia?"

Tukatazamana na mke wangu. Kama tatizo lingekuwa baridi, pale kilimani ndipo angekohoa. Jumapili usiku tukarudi nyumbani, na saa nane kamili kikohozi hicho!

Kuanzia siku ile mke wangu akafungua daftari. Kila asubuhi anaandika: amelala wapi, ameamka mara ngapi, kifua kilikuwaje. Mwezi wa tatu tulikwenda Birmingham kwa marafiki, usiku mbili za kimya. Tuliporudi, kikohozi kikarudi. Tukalichukua daftari tukaenda kwa daktari wetu wa familia.

Swali la daktari

Daktari alimsikiliza mtoto kifua, akasoma daftari, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitegemea: "Chumba anacholala kina ukungu?"

Akatueleza kwamba dalili zilifanana na za pumu. Akampa dawa za kuvuta kwa mdomo pamoja na chupa ya plastiki ya kumsaidia kuivuta vizuri, na akapanga vipimo. (Hapa Uingereza dawa za daktari kwa watoto wa chini ya miaka 16 ni bure, na kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji uonyeshe karatasi za uhamiaji. Tusiogope.) Alituonya pia kwamba pumu haina chanzo kimoja. Moshi wa sigara, vumbi la zulia, manyoya ya paka, chavua ya maua na mafua ya kawaida vyote huweza kuichokoza. Lakini ukungu, ambao wengine huuita kuvu, hurusha hewani mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mbegu hizo hukera njia za pumzi. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu, wenye ukurutu wa ngozi na wale ambao kinga yao ya mwili ni dhaifu.

Kwa nini nyumba zetu zinaota ukungu

Ukungu unahitaji maji. Maji hayo huweza kutoka nje, kama paa likivuja au bomba likipasuka, lakini mengi tunayatengeneza wenyewe. Tunapumua usiku kucha madirisha yamefungwa. Tunachemsha maharage saa mbili bila mfuniko. Tunaoga maji ya moto. Na kubwa zaidi, tunaanika nguo juu ya redieta, na nguo za mashine moja huweza kumwaga hewani mpaka lita 2 za maji. Mvuke huo ukikutana na ukuta wa baridi hugeuka matone, kama vile chupa ya soda inavyotoa jasho ikitolewa kwenye friji. Nyuma ya kabati hewa haipiti, kwa hiyo ukuta haukauki.

Nyumbani Tanga madirisha yana nondo na wavu, na upepo wa bahari unapita mchana na usiku. Huku nyumba inapumua kupitia vile vitundu, na mimi ndiye niliyeiziba pua.

Mambo ya kufanya

1. Zibua vitundu vya hewa. Fungua madirisha dakika 10 hadi 15 asubuhi, hata kama ni baridi.

2. Funika sufuria, washa feni ya jikoni unapopika, na ya bafuni wakati wa kuoga na dakika 20 baadaye. Mlango wa bafu uwe umefungwa.

3. Anika nguo nje ikiwezekana. Ikibidi ndani, ziweke chumba kimoja, dirisha wazi na mlango umefungwa.

4. Vuta makabati na vitanda kidogo kutoka kwenye kuta za nje, hewa ipite.

5. Jitahidi nyumba isishuke chini ya nyuzi joto 18, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa nchi za baridi. Najua bili zinauma. Joto la wastani la muda mrefu linasaidia kuliko kuwasha kwa nguvu saa moja na kuzima.

6. Doa dogo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni ya kuoshea vyombo. Vaa glavu, miwani na barakoa, fungua dirisha, funga mlango wa chumba, kisha kausha ukuta. Kitambaa kitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Likizidi hapo, au kama maji yanatoka nje, ni kazi ya fundi.

7. Usipake rangi juu ya ukungu. Hilo nimelilipia mimi kwa niaba yenu.

Na tahadhari kwa mafundi wa Jumamosi kama mimi: kamwe usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa gesi yenye sumu. Usipige msasa rangi ya zamani mtoto akiwa karibu, kwa sababu rangi za nyumba kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi. Nyumba iliyojengwa kabla ya 2000 inaweza pia kuwa na asbesto, iliyopigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999. Usitoboe wala kuvunja usichokijua.

Sumu isiyo na harufu

Kuna jambo moja zaidi ambalo safari ya wikiendi inaweza kulifichua. Boila mbovu, au jiko la mkaa lililoingizwa ndani, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mara nyingi hupungua mtu akitoka nje ya nyumba. Ndiyo maana kuziba matundu ya hewa kwenye chumba chenye moto wa gesi ni hatari kubwa. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi, na boila ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe. Mwenye nyumba analazimika kisheria kukagua vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12. Na jiko la mkaa, hata kama nyama choma imewashika hamu kiasi gani, lisiingie ndani kamwe. Ukihisi dalili hizo, zima gesi, toeni watu wote nje na pigeni 999.

Usiogope kulalamika

Wengi wetu tunanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Mimi pia nilinyamaza, nikawa nanunua rangi. Mwaka 2020, mwezi wa Desemba, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki mjini Rochdale. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2022 ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu kwenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi.

Kwa ajili yake ikatungwa sheria yenye jina lake. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, wanaopangisha nyumba za jamii England wanatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na ukungu mkubwa kuuchunguza ndani ya siku 10 za kazi na kuiondoa hatari ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Sheria ya wapangaji ya 2025 imefungua njia masharti hayo yawafikie na wenye nyumba binafsi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Hata sasa, mpangaji wa mtu binafsi ana haki ya nyumba inayofaa kuishi. Andika barua pepe, usiishie kwenye simu. Piga picha zenye tarehe. Ambatanisha barua ya daktari. Wasipojibu, nenda idara ya afya ya mazingira ya kaunsili yako, nao wanaweza kuja kukagua. Ila usiache kulipa kodi ya nyumba, utajiharibia mwenyewe.

Kwetu ilichukua barua tatu. Ya tatu nilipoitaja kaunsili, fundi akaja. Alipanda juu akakuta mfereji wa maji ya mvua umepasuka na kujaa majani, maji yanateremka ukutani, sawasawa nyuma ya lile kabati. Ukuta ulikuwa unanyeshewa nje na sisi tunaulowesha ndani. Mfereji ukabadilishwa, ukuta ukaachwa ukauke, ndipo ukapakwa rangi. Haujarudia.

Binti yetu bado anatumia dawa yake ya kuvuta, lakini saa nane usiku sasa ni ya kulala. Daftari tunalo, na juzi mama mkwe alipiga simu akauliza kama bado nimeziba yale matundu. Nikamwambia, "Hapana mama, nimezibua." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mnunulieni mtoto sweta."

Kwa hiyo ndugu msomaji, wikiendi mkienda kutembea, angalieni pia mnavyolala huko. Ukiona kikohozi au kichwa kinatulia ugenini na kurudi ukifika nyumbani, andika, kisha mwone daktari. Na kama mtu anapata shida kuvuta pumzi, midomo inabadilika rangi au dawa ya kuvuta haimsaidii, usisubiri asubuhi: piga 999.

Tukutane wakati mwingine, Mungu akipenda. Wasalaam.