Picha ya Kabati Ina Uzito Gani?

Picha ya kabati iliyopigwa kwa simu nyingi za siku hizi hubeba nukta zipatazo milioni 12: 4,000 kwa upana, 3,000 kwa urefu. Faili lake hufika megabaiti 4 hivi. Sasa mchukue fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayetaka tovuti ya karakana yake. Anampa mtengenezaji picha 10 za namna hiyo na kumsihi aziweke zote ukurasa wa mbele. Zikiwekwa kama zilivyo, mteja atapakua megabaiti 40 kabla hajajua kitanda kinauzwa shilingi ngapi.

Tupige hesabu. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabaiti 4 ni megabiti 32. Mteja aliye ndani ya daladala, simu yake ikipokea megabiti 2 kwa sekunde, ataisubiri picha moja kwa sekunde 16. Zote 10 zitamchukua dakika 2 na sekunde 40, na bando limeliwa.

Nani atangoja muda wote huo? Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark aliyechunguza namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika juu ya mipaka mitatu ya subira. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu huhisi limetokea papo hapo. Likichukua sekunde 1, huona limekawia, lakini mawazo yake hayakatiki. Likifika sekunde 10, akili huanza kutafuta shughuli nyingine. Kwa mteja wetu shughuli hiyo ni rahisi kuipata: ni tovuti ya fundi mwingine.

Sehemu ya ucheleweshaji hutokana na umbali. Tovuti nyingi za biashara zetu hukaa kwenye seva zilizoko Ulaya au Marekani, na data husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo wa baharini. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mkongo ukiwa na urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sekunde 0.1. Ni muda mdogo, lakini simu na seva hupeana salamu kwanza, kisha hukubaliana namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ndipo ukurasa uombwe. Safari tatu za namna hiyo ni sekunde 0.3 kabla hata herufi ya kwanza haijafika.

Kilicho mikononi mwa fundi ni uzito wa ukurasa. Vioo vya simu nyingi vina nukta 1,080 hivi kwa upana, basi picha yenye 4,000 hushushwa nzima, kisha simu huibana ili itoshee. Ukiipunguza mapema ifike 1,080 kwa 810, nukta hubaki kama 875,000, yaani karibu sehemu moja ya 14. Hapo mfumo wa kubana picha uitwao JPEG, uliokubaliwa mwaka 1992, huongeza msaada wake. Jicho la binadamu huona tofauti ndogo za mwanga na giza vizuri zaidi kuliko tofauti ndogo za rangi. Kwa hiyo JPEG hutunza mwanga kwa undani na kuipunguza rangi, nasi hatuoni kilichoondolewa. Picha hiyo inaweza kushuka hadi kilobaiti 200 au chini ya hapo. Kwa mtandao uleule, sekunde 16 zimekuwa 0.8.

Faida ya wepesi huonekana zaidi mtandao ukiyumba. Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hizo ukurasa mwepesi una nafasi ya kufunguka. Ule wa megabaiti 40 hauna.

Lakini wepesi peke yake hauuzi kabati. Kabla ya kuchagua rangi, fundi aandike kwenye karatasi maswali anayoulizwa kila siku kwa simu. Bei inaanzia ngapi? Mbao ni mninga au msaji? Kazi huchukua siku ngapi? Mnafikisha hadi Kibaha? Karakana iko upande gani wa barabara? Majibu hayo ndiyo ukurasa wa mbele. Historia ya kampuni na salamu za mkurugenzi zinaweza kusubiri chini.

Kitufe cha kupiga simu nacho kina kanuni yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kuwa muda wa kukifikia kitu kwa mkono hutegemea umbali wake na ukubwa wake: kikiwa karibu na kipana, hufikiwa upesi. Namba ya simu iliyofichwa pembeni kwa herufi ndogo humtesa mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja. Maandishi ya kijivu juu ya weupe humtesa pia, hasa akiwa juani saa sita mchana. Viwango vya kimataifa vya tovuti hutaka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa mandharinyuma utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1.

Jambo moja halihusu fizikia, ila limeponza wengi. Jina la tovuti, liwe la .co.tz au .co.ke, lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara na kwa baruapepe yake, na alipie mwenyewe kila linapoisha muda. Likisajiliwa kwa jina la mtengenezaji, siku wakikosana ndiye atakayekuwa na ufunguo.

Tovuti ikikamilika, isijaribiwe kwa waifai ya ofisini. Apewe mtu asiyeijua karakana, mwenye simu ya bei nafuu na bando lake mwenyewe, aulizwe bei ya kitanda cha futi 5 kwa 6. Akipata jibu kabla hajachoka, fundi amlipe mtengenezaji. Asipopata, kazi haijaisha.