UHURU WA RAIA NA HAKI ZA RAIA: JE, NI KITU KIMOJA?

Katika semina za katiba mara nyingi tunasikia maneno "uhuru wa raia" na "haki za raia" yakitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Hayo ni mapacha, ndiyo, lakini kila mmoja ana kazi yake. Tukitaka kuwatofautisha, tuangalie Marekani, ambako watu wamebishana juu yao kortini kwa zaidi ya miaka 200.

1. Uhuru wa raia: "Serikali, usivuke hapa"

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787. Wananchi wengi walinung'unika: mbona inaipa serikali nguvu, na haisemi nguvu hizo zinaishia wapi? Kwa hiyo mwaka 1791 yaliongezwa marekebisho kumi yanayoitwa Sheria ya Haki. Ukiyasoma utaona mengi ni makatazo kwa serikali. Isimzuie mtu kusali, kusema, kuchapisha gazeti wala kukutana na wenzake kwa amani. Isipekue nyumba ya mtu ovyo ovyo. Isimlazimishe mshtakiwa kujishuhudia mwenyewe. Huu ndio uhuru wa raia. Ni kama ua unaozunguka boma: mwenye nguvu akifika hapo, asimame.

Tuchukue mfano unaotuhusu sisi Wakatoliki. Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wasome katika shule za serikali tu. Shule za kanisa zingefungwa. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria walikwenda kortini. Mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba mtoto si mali ya serikali, na wazazi wana uhuru wa kumchagulia shule. Tukumbuke kwamba sheria ile ilikuwa imepigiwa kura na wengi. Lakini wingi wa kura hautoshi kubomoa ua wa mtu mwingine.

2. Haki za raia: "Serikali, njoo unisimamie"

Ua peke yake hautoshi. Wakati marekebisho yale kumi yalipoandikwa, watu weusi wengi walikuwa watumwa, wakiuzwa kama mifugo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865. Mwaka 1868 Rekebisho la 14 lilisema hakuna jimbo linaloruhusiwa kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Hapo ndipo ulipo mzizi wa haki za raia: usibaguliwe kwa sababu ya rangi au asili yako, na ukibaguliwa serikali iingilie kati.

Lakini korti ilikawia. Mwaka 1896 ilikubali weusi na weupe watenganishwe, mradi huduma ziwe sawa, na kwa kweli hazikuwa sawa. Ni mwaka 1954, katika kesi ya Brown, ilipotamka kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba.

Tena kulikuwa na shida nyingine. Mwenye hoteli si serikali. Mwaka 1883 korti ilikuwa imesema Rekebisho la 14 linayafunga majimbo, halimfungi mtu binafsi. Basi mwenye hoteli aliweza kumfukuza msafiri mweusi usiku. Ilibidi Bunge litunge Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, kwa kutumia mamlaka yake juu ya biashara kati ya majimbo, ndipo hoteli, mikahawa na waajiri wakakatazwa kubagua.

3. Karatasi haitembei yenyewe

Mwaka 1961 huko Florida, maskini mmoja, Clarence Gideon, alishtakiwa kuvunja jumba la starehe kwa nia ya kuiba. Akaomba wakili. Hakimu akakataa, kwa maana sheria ya jimbo ilitoa wakili kwa makosa yenye adhabu ya kifo tu. Akafungwa miaka 5. Akiwa jela aliandika ombi kwa penseli, akalipeleka Mahakama Kuu. Mwaka 1963 majaji wote waliamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa ni lazima apewe wakili. Kesi ikasikizwa upya, safari hii akiwa na wakili, akaachiliwa. Maneno juu ya wakili yalikuwamo katika Katiba tangu 1791. Lakini yalihitaji mtu wa kuyadai.

4. Na sisi je?

Wakili aliyeongoza kesi ya Brown, Thurgood Marshall, alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na aliandika rasimu ya sheria ya haki kwa ajili ya nchi yetu. Katiba yetu ya 2010 imekwenda mbali zaidi kwa jambo moja: Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inafunga vyombo vyote vya serikali na watu wote, hata mwenye hoteli. Na Kifungu cha 50 kinataka mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo angetendewa dhuluma kubwa.

Kwa hiyo ukionewa, jiulize kwanza: je, serikali imevuka ua wangu, au imekataa kuja kunisimamia? Ukijua hilo, utajua la kudai.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo:
1. Hapa kwetu, ni nani anayenyimwa huduma kwa sababu ya kabila, dini, ulemavu au umaskini?
2. Jirani yetu akikamatwa, nani atamweleza haki zake?
3. Je, tunatetea uhuru wa wale tusiokubaliana nao?