Dawa Ikikuchosha Usiitupe: Kifafa, Kipandauso na Moyo Unaopanda na Kushuka



Wapo wenzetu viwandani na mashambani wanaokuja kazini kila siku na vidonge vya kifafa mfukoni, wala hawamwambii mtu. Wapo wenye kipandauso, kile kichwa cha upande mmoja kinachokuja na kutapika na kuchukia mwanga. Wapo pia wenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka: wiki hizi mtu halali, anasema mfululizo, anamaliza mshahara wote kwa siku moja, wiki zile hawezi hata kuinuka kitandani. Mara nyingine mtu mmoja anayo magonjwa haya yote matatu. Asiseme amerogwa. Yote ni magonjwa ya ubongo, na hupenda kufuatana.

Dawa zipo. Taabu ni kwamba dawa yenyewe mara nyingi humchosha mtu kuliko ugonjwa, hasa mtu wa kazi za mikono. Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, ni ya bei nafuu na bado inaokoa maisha ya wengi, lakini huleta usingizi na uzito wa akili. Kwa mkata miwa anayelipwa kwa tani, usingizi huo ni chakula cha watoto kinachopotea. Nyapara anamwandika mvivu. Basi mtu anaona afadhali avitupe vidonge.

Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko kwanza, na kinaweza kuja mfululizo bila kukatika. Degedege likipita dakika 5 mtu apelekwe hospitali mara moja, maana anaweza kufa. Dawa isiyokubaliana na mwili hubadilishwa na mganga, polepole, ile ya zamani ikipunguzwa huku mpya ikiongezwa. Kazi hiyo ni ya wiki nyingi, pengine miezi, na dawa ya kwanza kushindwa si ajabu hata kidogo.

Mwenye magonjwa zaidi ya moja amwambie mganga yote kwa pamoja. Wengi husema kifafa tu, wanaona aya kutaja akili. Lakini dawa moja inaweza kutumikia mawili au hata matatu. Valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Epilim, huzuia kifafa, hupunguza kipandauso na hutuliza moyo uliopanda. Ubaya wake ni kunenepesha, kutetemesha mikono na kupunguza nywele. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ubaya ni mkubwa zaidi: katika watoto 10 waliotumiwa dawa hiyo tumboni, kama mmoja huzaliwa na kilema, na watatu au wanne hukawia kukua akili. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe. Dada aliye nayo sasa asiikate mwenyewe. Aende kwa daktari upesi wapange nyingine.

Lamotrijini huzuia kifafa na huzuia moyo kushuka, tena haileti usingizi mwingi. Lakini lazima ianzwe kidogo sana na kupandishwa kwa wiki kadhaa. Vipele vikitokea mwilini, hospitali siku ile ile. Kabamazepini, yaani Tegretol, ni nzuri kwa kifafa na kwa moyo uliopanda, ila mwanzoni huleta kizunguzungu, na hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Topiramati husaidia kifafa na kipandauso, lakini wengine hupotewa na maneno wakisema, nayo pia si salama kwa mimba.

Lithiamu ni dawa ya zamani ya moyo unaopanda na kushuka, lakini haitibu kifafa. Watu wa shambani waiangalie sana. Ukitoka jasho kutwa bila kunywa maji, dawa hujaa kwenye damu na kuwa sumu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu humeza kwa maumivu ya mgongo, huzidisha sumu hiyo. Dalili zake ni kutapika, kuhara, kutetemeka sana na kuyumba. Anayetumia lithiamu lazima apimwe damu.

Na vidonge vya maumivu vya dukani! Ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa vile vilivyochanganywa na kafeini, vyenyewe huanza kuzaa kichwa. Amitriptilini nayo hutolewa kwa kipandauso, lakini kwa mwenye moyo wa kupanda inaweza kumpandisha zaidi. Mganga asipoambiwa atajuaje?

Weka daftari. Andika siku ya degedege au ya kichwa, saa ulizolala, vidonge ulivyomeza, na kwa akina mama siku za mwezi. Muulize mganga kama kipimo kikubwa kinaweza kuliwa usiku, na umwambie unafanya kazi gani: panga, boila, ngazi au mashine inayozunguka.

Sasa upande wa chama. Kukosa usingizi huamsha magonjwa yote matatu, kwa hiyo zamu ya usiku ni adui. Mkataba wa ILO namba 171 wa mwaka 1990 unasema mfanyakazi asiyefaa kazi ya usiku kwa sababu ya afya ahamishiwe kazi inayofanana, inapowezekana. Na hapa Uganda, Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mgonjwa aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi amjulishe mwajiri na awe na cheti cha daktari. Baada ya mwezi wa pili mwajiri anaweza kumwachisha. Ndiyo maana kazi nyepesi ya mchana wakati dawa inabadilishwa ni bora kuliko kulala nyumbani.

Barua ya daktari haihitaji kutaja ugonjwa. Inatosha iseme: mfanyakazi huyu anabadilishiwa dawa, kwa wiki kadhaa asipewe zamu ya usiku, wala kazi ya juu, wala karibu na moto na mashine. Mletee mjumbe wa chama nakala moja, nyingine ubaki nayo.