Kofia ya Pembe Tatu: Tuishone kwa Mkono, Tuiuze kwa Haki



Shule zikitayarisha michezo ya kuigiza, walimu huhangaika sana kutafuta mavazi. Mchezo ukiwa na mabaharia au maharamia wa zamani, kofia ndiyo ya kwanza kutafutwa. Madukani ziko za plastiki, zimechorwa fuvu la kichwa mbele. Ni za bei rahisi, nasi hatuwezi kushindana nazo kwa bei. Lakini kofia ya sufu iliyoshonwa kwa mkono, yenye umbo la zamani kweli kweli, hiyo haipatikani kwa urahisi. Hapo ndipo kikundi kinaweza kupata nafasi yake, mradi kazi iwe safi na hesabu iwe wazi.

WALIVAA NINI HASA?

Kabla ya kushona ni vizuri kujua tunashona nini, kwa sababu mteja atauliza. Maharamia wanaozungumzwa sana waliishi kama kati ya mwaka wa 1650 na 1730. Wengine walifika hata bahari yetu ya Hindi. William Kidd, aliyetumwa kutoka London ili awakamate maharamia, alifika visiwa vya Komoro mwaka wa 1697. Mwishowe yeye mwenyewe alihukumiwa kuwa haramia, akanyongwa London mwaka wa 1701.

Kofia ya pembe tatu haikuwa ya maharamia peke yao. Ilikuwa kofia ya kawaida ya wanaume wa Ulaya tangu mwisho wa karne ya 17 hadi karibu mwisho wa karne ya 18: askari, wafanyabiashara, manahodha. Ilikuwa kofia ya mviringo yenye ukingo mpana, na ukingo huo ukakunjwa juu pande tatu. Baharia wa kawaida mara nyingi alivaa kofia ya kufumwa kwa sufu, au alijifunga kitambaa. Kwa hiyo, katika mchezo wenye watu kumi, kofia ya pembe tatu ivaliwe na nahodha na wakubwa wachache. Mwambieni mwalimu hivyo. Ataona mnajua kazi yenu.

Na fuvu je? Fuvu lilikuwa kwenye bendera za baadhi yao. Kuliweka juu ya kofia ni mambo ya wachoraji na watengenezaji wa sinema waliokuja baadaye. Mtu kama Bartholomew Roberts, aliyeuawa vitani mwaka wa 1722, inaelezwa katika kitabu cha mwaka wa 1724 kwamba siku hiyo alikuwa na unyoya mwekundu kofiani. Basi unyoya wa jogoo unafaa zaidi kuliko fuvu.

KITAMBAA NDIYO KAZI YENYEWE

Kofia hizo zilitengenezwa kwa sufu au manyoya yaliyoshikanishwa kwa maji moto mpaka yakawa kitu kimoja kizito. Sisi tunaweza kupata kitambaa cha namna hiyo kwa kutumia blanketi la zamani, lakini lazima liwe la sufu. Mablanketi mengi ya siku hizi yana nyuzi za kiwandani, na hayo hata ukichemsha kutwa hayashikani.

Usinunue kabla ya kujaribu. Chomoa uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Ukiona kidonge, rudisha blanketi.

Ukishapata lililo la sufu, lichemshe katika debe pamoja na sabuni ya kipande iliyokatwakatwa. Koroga na ulisukume kwa mti kwa muda wa nusu saa au zaidi. Litoe, lisuguliwe kwa nguvu kwenye karai, kisha litiwe maji baridi. Rudia mpaka usiweze kuona nyuzi zilizofumwa. Litapungua ukubwa, pengine hata robo nzima, ndiyo maana hatukati kabla ya kuchemsha. Faida yake ni kwamba ukikata, nyuzi hazifumuki. Kofia nyingi za zamani zilikuwa nyeusi, kwa hiyo blanketi la kijivu unaweza kulipaka rangi ya nguo ya unga.

Maji, sabuni na mikono vinatosha. Huko Ulaya mafundi wa kofia walikuwa wakitumia zebaki kutayarisha manyoya, na wengi wakapata ugonjwa wa kutetemeka. Tusitafute dawa za ajabu ajabu.

KUPIMA NA KUKATA

Pima kichwa kwa kamba, juu kidogo ya masikio. Tuseme ni sentimita 56. Ongeza 2 za nafasi, zinakuwa 58. Kata vipande hivi kwanza kwa karatasi ya manila:

1. Kipande cha juu: duara lenye upana wa sentimita 20 na nusu, pamoja na nafasi ya mshono.

2. Ukanda wa kuzunguka kichwa: urefu sentimita 60, kimo 12.

3. Ukingo: funga kalamu kwa kamba kwenye msumari, uchore duara kubwa, kutoka katikati hadi nje sentimita 22. Msumari ukiwa pale pale, chora la pili la sentimita 9 na robo, na la tatu la sentimita 8. Kata lile la 8 tu. Lile la 9 na robo ni alama ya kushonea.

Kichwa kikiwa kikubwa au kidogo, chukua kipimo chako pamoja na zile 2, ugawanye kwa 6.28, utapata ile namba ya 9 na robo. Kipande cha juu ni mara mbili ya namba hiyo, kuongeza 2.

KUSHONA NA KUTIA UMBO

Piga bandi kwanza, ndipo ushone. Unganisha ncha mbili za ukanda, kisha ushone kipande cha juu. Tumia uzi mzito uliopakwa nta, na kila mara sindano irudi nyuma nusu hatua ndipo iende mbele, ili mshono usiachie. Kwenye ukingo, kata vijipasuo kutoka tundu la ndani hadi kwenye ile alama, kila baada ya sentimita 2. Vikunje juu, uvishone ndani ya ukanda.

Sasa changanya gundi nyeupe ya seremala sehemu moja na maji sehemu tatu. Paka ukingo pande zote mbili, na kichwa cha kofia kwa ndani. Uji wa wanga nao hukaza, lakini mvua huulainisha, na mende na panya huupenda.

Kofia ikiwa bado mbichi, ivishe sufuria iliyogeuzwa ambayo mzunguko wake unakaribia ule wa kichwa, umeifunika kwa karatasi ya nailoni. Inyooshe kwa mikono. Weka alama tatu kwenye ukingo, moja mbele na mbili nyuma, zikiwa mbali sawasawa. Hizo ndizo pembe. Sehemu iliyo kati ya pembe na pembe ikunje juu mpaka iguse ukanda, uishike kwa mishono miwili mitatu. Kisha iache ikauke kivulini siku mbili. Usiivue mapema! Kofia nyingi huharibika hapa, si kwenye kushona. Ikivuliwa mbichi, pembe huinama na hazirudi.

Mwisho shona utepe kwenye ukingo, kama mita 1 na nusu, na kifungo upande wa kushoto. Kofia ikivaliwa, pembe moja inaelekea mbele.

HESABU ISIYODANGANYA

Tuseme blanketi ni shilingi 400, uzi na utepe 200, gundi, sabuni na kuni 200. Jumla 800, na blanketi limetoa kofia 4. Kila kofia imekula shilingi 200. Tuseme pia kila moja imechukua saa 5 za kazi ya mikono.

Kikundi kikiuza kwa 250, watu watasema tumepata faida ya 50. Lakini gawanya 50 kwa saa 5: mama amefanya kazi kwa shilingi 10 kwa saa, na shamba lake limebaki bila kupaliliwa. Ikiuzwa 500, zinabaki 300, yaani 60 kwa saa. Wekeni bei za soko lenu wenyewe, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo. Miradi mingi ya mikono hufa kwa sababu jasho la wanachama halikuandikwa kwenye daftari, hata kama kazi ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo tengenezeni kofia moja ya mfano kwanza. Andikeni saa zote, pamoja na za kuchemsha. Mpelekeeni mwalimu aione, na akitaka nyingi, alipe kiasi cha kununulia blanketi kabla hamjaanza. Asipokubali bei inayolipa jasho, mmepoteza kofia moja tu, si mradi mzima.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mradi tulio nao sasa, kila mwanachama anapata shilingi ngapi kwa saa?

2. Ni nani anayeandika saa za kazi, na daftari linakaa wapi?

3. Ni shule au vikundi gani vya uigizaji vilivyo karibu nasi, na nani ataenda kuwauliza?