Kuugua Kabla ya Kuthibitishwa Kazini



Wapendwa wasomaji, mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo lililozifikia nyumba nyingi za waamini wetu, nalo husemwa kwa kunong'ona tu. Kijana amehangaika miaka kutafuta kazi. Hatimaye ameipata, wazazi wametoa shukrani kanisani, na kabla hajathibitishwa ugonjwa unamkamata. Afanye nini? Aseme, au afiche mpaka barua ya kuthibitishwa itoke?

Wengi huficha. Tunamfahamu kijana mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja, aliyeajiriwa kuwa karani wa ghala kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Kipindi chake cha majaribio kilikuwa miezi 6. Mwezi wa pili alianza kukohoa, akadhani ni vumbi la saruji. Alinunua dawa ya kikohozi ya maji, halafu vidonge vya rangi mbili dukani, kisha akawa anatembea na pipi za kifua mfukoni ili asikohoe mbele ya bosi. Mwezi wa tatu mama yake aliona kila asubuhi shuka limelowa jasho, na mkanda wa suruali umefika tundu la mwisho. Alipomwuliza, alijibiwa, "Mama, niache kwanza nithibitishwe."

Mwezi wa nne nguvu zilimwishia. Siku alizozidiwa hakwenda kazini wala hakutuma taarifa, maana aliogopa kuulizwa anaumwa nini. Siku 5 za namna hiyo zikampatia barua ya onyo kwa utoro. Tunamwomba msomaji aangalie vizuri hapo. Katika faili la kijana huyu neno ugonjwa halikuwamo hata mara moja. Palikuwa na kuchelewa, utoro, na hesabu za mifuko zisizolingana. Yeye alidhani anaficha ugonjwa ili kuilinda kazi, kumbe alikuwa akijiandikia mwenyewe sababu za kufukuzwa.

Aliyemsaidia ni mama mmoja mzee wa jumuiya yake ndogo ndogo, ambaye naye aliwahi kutibiwa. Alikisikia kikohozi kile wakati wa sala ya jumuiya, akakitambua. "Mwanangu, kesho twende zahanati ukapime makohozi, nitakusindikiza." Walikwenda. Kilikuwa kifua kikuu.

Wapo watakaosema kifua kikuu ni ugonjwa wa kale. Si kweli. Vimelea vyake vilitambulishwa na Robert Koch mwaka 1882, na mpaka leo wagonjwa wapo katika mitaa yetu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na kukosa hamu ya chakula, hizo ni dalili za kumpeleka mtu kupima bila kungoja. Vipimo na dawa za ugonjwa huu katika vituo vya Serikali hapa Tanzania hutolewa bila malipo, na hospitali nyingi za Kanisa nazo zimo katika mpango huo. Mgonjwa atashauriwa pia kupima virusi vya UKIMWI. Asishtuke, kwani wako wengi wenye kifua kikuu wasio na virusi hivyo.

Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa za aina 4, na miezi 4 inayofuata dawa za aina 2. Jambo ambalo waajiri wengi hawalijui, na hata wagonjwa wenyewe, ni kwamba mtu anayemeza dawa zake sawasawa kwa kawaida huacha kuambukiza wengine baada ya wiki 2 hivi, mradi ugonjwa wake si ule sugu. Mganga ndiye atakayesema lini arudi kazini. Kwa hiyo mwajiri halazimiki kumkosa mfanyakazi kwa nusu mwaka mzima. Kijana wetu angekwenda kupima mara kikohozi kilipomaliza wiki 2, huenda mwezi wa tatu angekuwa tayari yuko ghalani.

Dawa hizi zina usumbufu wake, na anayekwenda kazini ajiandae. Mkojo hugeuka rangi ya machungwa, hilo halina madhara. Viungo huweza kuuma. Lakini macho yakipoteza nguvu au kuwa ya manjano, au miguu ikifa ganzi, aende zahanati siku hiyo hiyo, asingoje siku yake ya kuchukua dawa. Pombe aiache kabisa, kwa sababu ini tayari lina kazi ya kutosha. Hatari kubwa zaidi huja mwezi wa pili au wa tatu, mwili unaporudi na kikohozi kwisha. Hapo ndipo mtu anapoona kwenda kliniki kunampotezea saa za kazi, akaacha. Vimelea vilivyobaki huweza kuwa sugu, na kifua kikuu sugu huhitaji dawa nyingine ambazo ni ngumu zaidi kuvumilia.

Sasa tuje kwenye kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara, naye anapaswa kuleta cheti cha daktari. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba asiyetimiza miezi 6 kazini, kwa kawaida, hana haki ya likizo yenye malipo. Tena kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliye chini ya miezi 6. Tunaandika hili waziwazi ili asiwepo atakayekwenda kwa mwajiri akijigamba kwa haki ambayo bado hajaifikia. Sisi tunaona hapo pana pengo linalowaumiza wanyonge, hasa kwa ugonjwa unaoambukiza, kwani anayenyimwa mshahara akiugua atakuja kazini akikohoa.

Hata hivyo hakuachwa mikono mitupu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12. Zinamtaka pia mwajiri amweleze mfanyakazi kasoro anazoziona, ampe nafasi ya kujibu, na ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Vilevile sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au virusi vya UKIMWI, awe wa majaribio au amethibitishwa. Kifua kikuu hakikutajwa kwa jina. Aliyeugua kutokana na kazi yenyewe, kama mchimbaji wa madini, aulizie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Ushauri wetu basi ni huu. Siku ya kwanza ya kushindwa kwenda kazini, toa taarifa kabla saa za kazi hazijaanza. Omba cheti kwa mganga, ile karatasi wanayoiita ED, uipeleke na kubaki na nakala. Kisha andika barua fupi: unatibiwa, mganga amekupumzisha mpaka tarehe fulani, unaomba siku hizo zisihesabiwe utoro, na kama haiwezekani kukupima kwa haki katika muda uliobaki, unaomba kipindi cha majaribio kiongezwe. Si lazima kutaja kila ugonjwa kwa jina. Lakini kwa kifua kikuu tungependa useme, kwa sababu wanaokaa nawe chumba kimoja nao wanapaswa kuchunguzwa.

Kwa ninyi waamini wenye maduka, shule na viwanda, tunalo neno moja. Papa Leo XIII aliandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, na Papa Yohane Paulo II katika waraka wake wa mwaka 1981 alitaka matibabu yawe rahisi kupatikana kwa wafanyakazi, ikiwezekana bila malipo. Kumwongezea mtu miezi 3 ya majaribio hakugharimu kama kumtafuta na kumfundisha mwingine. Na mfanyakazi mpya akianza kuchelewa ghafla, mwulizeni kwanza habari za afya yake, tena faraghani.

Nyumbani nako kuna kazi. Watoto wote waliolala chini ya paa moja na mgonjwa wapelekwe kuchunguzwa, hasa walio chini ya miaka 5, wapate dawa za kuwakinga. Madirisha yafunguliwe. Achaguliwe mtu mmoja wa kumwona mgonjwa akimeza dawa kila siku. Hakuna haja ya kumtengea kikombe wala sahani, maana ugonjwa huu huenea kwa hewa.

Kijana wetu alipumzika wiki 2 bila mshahara. Jumuiya ilimchangia unga, maharage na nauli ya kliniki. Aliporudi na cheti na barua yake, bosi aligomba, "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" Ile barua ya onyo haikufutwa, lakini alimwongezea miezi 3 na kumtoa kwenye saruji akamweka dirisha la kupokea oda. Tunapoandika haya amekwisha kumaliza miezi 2 ya dawa. Mama yake ndiye anayemsimamia, saa 12 asubuhi kabla hajatoka kwenda kazini. Barua ya kuthibitishwa bado hajaipata.