Rwanda: Maadui wa Zamani Ndani ya Jeshi Moja

Mwaka 1997 na 1998 eneo zima la kaskazini-magharibi mwa Rwanda lilikuwa uwanja wa vita kati ya RPA, jeshi la serikali wakati huo, na abacengezi, wapiganaji waliotokana na jeshi la zamani, FAR, na wanamgambo wa Interahamwe. Raia wengi waliuawa na abacengezi, na shirika la Amnesty International liliwashutumu wanajeshi wa serikali pia kwa kuua raia.

Nidhamu ya jeshi la Rwanda ilianzia kwenye swali gumu: walioshindwa wafanyweje? Baada ya 1994, askari wa FAR walipelekwa ingando, kambi walikoishi pamoja na kujadili historia, mauaji ya kimbari na wajibu wa askari kwa raia. Baadhi waliingizwa jeshini wakiwa na vyeo. Marcel Gatsinzi, jenerali aliyetoka FAR, alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia 2002 hadi 2010. Paul Rwarakabije, kamanda wa waasi, alirejea kutoka Kongo mwaka 2003 akapokelewa. Wapiganaji wengine hupitia kambi ya Mutobo, wilayani Musanze, na kufundishwa stadi za kazi kabla ya kurudi uraiani.

Mwaka 2002 RPA ikawa RDF, Jeshi la Ulinzi la Rwanda. Maofisa wapya hufundishwa Gako, na wa ngazi ya juu husoma Nyakinama. Maslahi nayo ni sehemu ya nidhamu: Zigama CSS, iliyoanzishwa 1997, huwawezesha askari kuweka akiba na kukopa, kwa sababu askari asiyelipwa hugeuka mzigo kwa raia anaowalinda.

Mafunzo pekee hayatoshi bila sheria. Mwaka 2008 maofisa wanne walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa mauaji ya viongozi wa dini yaliyofanyika mwaka 1994. Wawili walikiri na kufungwa. Wawili waliachiwa huru. Watetezi wa haki za binadamu waliona haki haikutimia.

RDF ilipata sifa Darfur, nchini Sudan, kuanzia 2004, na Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia 2021. Hata hivyo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kuwa askari wake wamepigana upande wa waasi wa M23 mashariki mwa Kongo, jambo ambalo Rwanda imelikanusha. Nidhamu kamili humbana askari popote alipo, na humbana pia kamanda anayemtuma.